Kosa la Leo

Shule ile ilikuwa na taratibu nyingi, na baadhi yake zilikuwa na maana. Mojawapo ya zile zenye maana ilikuwa hii: mwanafunzi akipata katika hesabu alama ambazo hata mama yake mzazi hawezi kuzitaja mbele ya jirani, anapelekwa Wodini.

Wodi ilikuwa chumba kilichowahi kuwa zahanati ya shule, kabla zahanati mpya haijajengwa karibu na geti. Vigae vyeupe vilifika nusu ya ukuta. Kwenye kona kulikuwa na beseni la kunawia ambalo bomba lake lilikuwa limesahau maji yanafananaje. Harufu ya dawa ya vidonda haikuwahi kuondoka, jambo lililowasaidia wagonjwa wa hesabu kujiona wako mahali panapowastahili. Walikusanyika humo jioni, masomo ya kawaida yakiisha, wakati wenzao wenye afya wakicheza mpira, na kila aliyepita dirishani aliona ni wajibu wake kuuliza, "Jamani, leo mnaendeleaje? Mmekula?"

Mwalimu wa Wodi alikuwa mzee aliyekwisha kustaafu. Alifundisha hesabu shuleni hapo maisha yake yote ya kazi, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, kisha shule ikagundua kwamba saa za ukutani zinapatikana popote lakini mtu wa kumwelewesha mwanafunzi mgumu hapatikani. Ikamwita arudi kwa vipindi vya jioni tu. Wanafunzi walimwita Mganga Mkuu, mwanzoni kwa kificho, baadaye mbele ya uso wake, naye akalipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Nani ameumwa na sehemu jana?" aliuliza akiingia, koti lake la kijivu likiwa jeupe viwikoni kwa chaki. "Nani vipeuo vimempanda kichwani?"

Mganga Mkuu alikuwa na dawa moja ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitumia. Katika kila kipindi alitega kosa ubaoni. Kosa moja, wala halikuzidi moja. Alilificha katikati ya kazi safi kama mtu anavyoficha peremende kwenye mfuko wa koti ili mtoto aipate akitafuta. Kisha aliweka chaki chini, akakaa kimya, akawaacha wasome. Aliyeliona alinyoosha mkono na kusema, "Kosa la leo!" Akilionyesha sawasawa, darasa lilimpigia makofi, naye akaruhusiwa kutoka kabla ya kengele na kuwa wa kwanza kwenye foleni ya bwalo. Kwa mwanafunzi wa bweni, nishani ya taifa haifui dafu mbele ya heshima hiyo.

"Mtu anayetafuta kosa anasoma," Mganga Mkuu alisema. "Anayeniamini tu ananakili. Msiniamini."

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwapo kijana aliyeitwa Kamati. Jina hilo alilipata kihalali. Katika mtihani wa hesabu, kwenye swali lililomshinda, aliandika kwa mwandiko mzuri: "Kamati imelipokea swali hili, imelijadili kwa kina, na imeamua kuliahirisha." Alipewa sifuri, akafyeka nyasi nyuma ya mabweni, akalazwa Wodini. Kabla ya hapo alikuwa amewahi kufunga kengele ya shule kwa soksi, na kumwandikia mpishi mkuu barua ya pongezi kutoka kwa panya wa stoo. Walimu walitarajia Wodi imshinde, au yeye aishinde Wodi. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Mtu anayeishi kwa kuwatega wenzake humtambua mtegaji mwenzake, na Kamati aliyapenda yale makosa kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote chenye namba ndani yake. Kabla muhula haujaisha alikuwa akila chakula cha moto karibu kila jioni.

Kulikuwa na jambo jingine. Mganga Mkuu alikuwa babu yake, baba mzazi wa mama yake.

Darasani hawakuonyeshana. Ilikuwa "Mwalimu" na "wewe wa nyuma". Lakini Jumapili Kamati alikwenda kwenye nyumba ya mwisho katika safu ya nyumba za walimu, ile iliyoegemea uzio, ambayo shule ilimwachia mzee maadamu anafundisha Wodi. Ilikuwa na chumba, sebule, na picha ya bibi ukutani. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliopita, na wanaume hao wawili walikuwa bado wanamgombania.

"Umekuja kumwona nani?" Babu aliuliza mlangoni.

"Nimekuja kumwona mke wangu. Wewe endelea na shughuli zako."

"Mke wako yupi? Yule alinipenda mimi. Wewe alikuvumilia."

"Aliniwekea ukoko wa chini ya sufuria. Wewe aliwahi kukuwekea?"

"Aliniwekea sufuria yenyewe niioshe," Babu alijibu, nao wakacheka wakimtazama mke wao, ambaye pichani alionekana kama anayesubiri wamalize upuuzi wao aseme jambo la maana.

Basi jioni moja ya mvua, Wodini, msichana mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa akiitwa Mnong'ono, kwa sababu sauti yake ilihitaji msikilizaji mwenye subira. Alionyesha kosa kwenye mstari wa juu. Hasi kwa hasi ilikuwa imezaa hasi. Darasa likapiga makofi, kwani hakuwa amewahi kuliona kosa hata siku moja, na kijana mnene aliyeitwa Bondia, ambaye hakuwahi kupigana na mtu, akasimama kumpa saluti.

Kamati, kwa wivu wa kistaarabu, aliendelea kusoma chini. Akanyoosha mkono.

"Na hilo la mwisho je, Mwalimu? Saba mara nane umeandika hamsini na nne."

Mganga Mkuu aligeuka akautazama ubao. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Ilichukua muda mfupi tu. Kisha akacheka.

"Leo nimetega mawili," alisema. "Nimewaona mmekuwa hodari."

Darasa lilifurahi. Kamati naye alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye ile hamsini na nne. Alimjua mtegaji yule. Babu yake hakuwahi kutega mawili, na hata kama angetega, asingetega saba mara nane. Kosa lake lilikuwa daima na akili ndani yake. Hili lilikuwa kosa tupu.

Wiki zilizofuata makosa matupu yaliongezeka. Siku nyingine yalikuwa matatu ubaoni na hakuna hata moja lililotegwa.

Mama yake Kamati alikuja siku ya kutembelea wanafunzi. Alileta sabuni, mafuta na lawama, kama ilivyo ada ya wazazi, kisha wakaenda wote kwa Babu. Babu alimuuliza, "Safari ilikuwaje, mwanangu?" Akajibiwa kwamba ilikuwa nzuri. Akamimina chai. Akauliza, "Enhe, na safari ilikuwaje?" Akajibiwa tena. Alipouliza mara ya tatu, Mama alijibu kwa upole uleule, kisha akamwita Kamati nje, kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Niambie ukweli. Darasani yukoje?"

"Moto wa kuotea mbali, Mama. Watoto wanamwogopa mpaka wanafaulu."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Yuko sawa."

Mama alivuta shati la Babu lililokuwa kwenye kamba, akalikunja polepole. "Sikiliza. Kufundisha ndiko kunakomshikilia, najua. Kwa hiyo namwacha. Lakini siku shule ikiniambia hawezi tena, namchukua siku hiyohiyo. Simwachi hapa peke yake na jiko la gesi."

"Na huko kwako atafanya nini?"

"Atapumzika."

Kamati alikijua hicho chumba cha kupumzikia. Kilikuwa nyuma, kina kitanda na televisheni, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Akilini alimwona Babu ameketi humo na koti lake la kijivu, hana mtu wa kumtegea.

Usiache jambo kubwa namna hiyo mikononi mwa mtu aliyeitwa Kamati, kwa maana ataitisha kikao. Kilifanyika Wodini, Mganga Mkuu akiwa hajafika, Bondia akilinda mlango.

"Waheshimiwa wagonjwa," Kamati alianza, na wote wakajiandaa kucheka. Hakuwaacha wacheke. Aliwaeleza yote: makosa matupu, Mama, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Alipomaliza hata Bondia alikuwa ameacha kutafuna kalamu.

"Kwa hiyo tufanye nini?" Bondia aliuliza. "Tumwambie Makamu Mkuu wa shule?"

"Tukimwambia Makamu, keshokutwa Babu yuko kwenye gari. Kamati imeamua hivi. Mzee akisita ubaoni, akionekana amepotea, mmoja wetu ananyoosha mkono haraka. 'Kosa la leo!' Anamwonyesha mahali. Tunapiga makofi. Yeye ataona kama alilitega mwenyewe. Makosa mengine tunayanyamazia, mimi nitawasahihishia baadaye bwenini."

"Na sisi wa bweni la wasichana?" Mnong'ono aliuliza.

"Nitakupa karatasi asubuhi, uwapelekee."

"Tunamdanganya mwalimu," mmoja alisema.

"Tunamsaidia mgonjwa," Kamati alijibu. "Hapa ni Wodini."

Azimio lilipita bila kupingwa, na kwa muda lilifanya kazi kuliko hila yoyote aliyowahi kubuni. Mzee alisita, mkono ukapaa, makofi yakalia, uso wake ukafunguka. Wodi nzima ikawa na ustadi wa ajabu. Hata wale waliokuwa hawajui kipeuo ni mnyama au mboga waliliona kosa la leo, kwani Kamati aliwakanyaga mguu. Jumapili Babu alimpokea mlangoni akiwa na furaha.

"Mwenzangu, nimefundisha maisha yangu yote, sijapata darasa lenye macho kama hili. Jana nimempigia mama yako nikamwambia. Nimemwambia, hawa watoto hakiwapiti kitu!"

"Mwalimu wao hodari," Kamati alisema, akaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Tatizo ni kwamba karatasi za asubuhi hazikutoka kila asubuhi. Kulikuwa na usafi, kulikuwa na mchakamchaka, kulikuwa na uvivu, ambao nao una haki zake. Mnong'ono, ambaye hakupenda kusumbua watu, aliona afadhali kujifunza kile alichokiona ubaoni. Mtihani wa katikati ya muhula ulipokuja, alijibu kwa uangalifu mkubwa yale yote ambayo Mganga Mkuu aliyaandika siku ambazo hakuna aliyemsahihisha. Akaanguka vibaya kuliko alivyoanguka kabla ya kulazwa. Wengine kadhaa walimfuata. Wodi, iliyokuwa ikiwatoa watu wamepona, sasa ilikuwa inawaambukiza.

Kamati alimkuta kwenye ngazi za maktaba, macho mekundu.

"Nisamehe. Zile karatasi..."

"Si kitu," alisema kwa ile sauti yake. "Mzee bado yupo, au sio?"

Makamu Mkuu wa shule, mama mrefu ambaye viatu vyake vilisikika kabla yake, alitangaza kwamba angekuja kukaa Wodini kipindi kizima cha Jumanne. Hakusema kwa nini. Haikuhitaji kusemwa. Jumatatu Kamati aliwapanga wenzake kama nahodha kabla ya fainali. Wasizubae. Mzee akisita tu, kabla Makamu hajaona, mkono juu.

Jumanne Mganga Mkuu alikuja na koti lililofuliwa. Makamu aliketi nyuma, karibu na lile beseni, kalamu mkononi. Nje mpira ulikuwa unachezwa. Ndani hata kiti hakikulia.

"Leo tunamtibu huyu," Babu alisema, akaandika:

3 − 2x > 11

Sauti yake ilikuwa imara. "Tunataka kujua x ni namba zipi. Tatu ananisumbua, namtoa pande zote mbili." Akaandika:

−2x > 8

Mwandiko wa Babu ulikuwa mnyoofu, chaki haikutetemeka. Lakini Kamati hakuwa akisoma ubao. Kwa wiki nyingi sasa alikuwa ameacha kusoma ubao. Alisoma uso, akitafuta ule msito, kile kitasa kilichobadilishwa. Babu akaandika mstari wa tatu:

x < −4

Akashusha chaki. Akanyamaza, akiutazama ubao, mgongo kwa darasa.

Amepotea, Kamati alijua. Bondia akapiga mguu chini ya meza. Naye alikuwa ameona. Viatu vya Makamu vilisogea sakafuni. Kamati akautupia ubao jicho moja la haraka la mtu anayetafuta chochote, akakiona: alama. Juu ilikuwa kubwa kuliko. Chini imekuwa ndogo kuliko.

"Kosa la leo!"

Makofi yakalipuka kama yalivyopangwa. Babu akageuka.

"Wapi?"

"Alama, Mwalimu. Mstari wa pili inasema kubwa kuliko. Wa tatu imegeuka."

"Imegeuka," Babu alirudia.

Aliutazama mstari. Kisha akamtazama Kamati, na katika macho yake hapakuwa na shaka yoyote. Lilikuwa darasa lenye macho, na huyu ndiye aliyekuwa na macho kuliko wote. Akachukua kifutio, akafuta alama, akaandika x > −4.

"Lakini tumegawa kwa hasi," Mnong'ono alisema.

Alisema kwa sauti yake ya siku zote, na hakuna aliyesikia isipokuwa Kamati aliyekaa mbele yake. Maneno yalimwingia kama maji ya barafu shingoni. Ukigawa pande zote mbili kwa namba hasi, alama hugeuka. Hakuna mgonjwa wa Wodi asiyejua hilo. Mzee ndiye aliyewaambia. Mstari ulikuwa sahihi. Kazi yote ilikuwa sahihi, haikuwa na doa. Babu hakuwa amepotea. Alikuwa amenyamaza kama alivyonyamaza siku zote akimaliza, ili wasome.

"Tuhakikishe," Babu alikuwa anasema. "Sifuri ni kubwa kuliko hasi nne, basi tumweke sifuri. Tatu kutoa sifuri, tatu. Tatu ni kubwa kuliko kumi na..."

Alisimama hapo.

"Tatu," alisema.

Kamati alisimama hadi kiti kikaanguka. "Mwalimu, samahani. Nimekosea mimi. Ulikuwa sahihi, alama inageuka, tumegawa kwa hasi..."

"Hapana, hapana." Babu alimpungia mkono kwa upole, ule upole wa mwalimu asiyetaka mwanafunzi aaibike mbele ya mgeni. "Umeliona vizuri. Kaa."

Akaurudia ubao. Aligusa mstari wa kwanza kwa kidole, akaenda wa tatu, akarudi wa pili. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sasa kitasa kilikuwa kimebadilika kweli. Kamati alikiona kikibadilika. Babu akafuta mstari wa tatu, akafuta wa pili, akafuta kila kitu, akabaki mbele ya ubao mtupu.

"Tulikuwa swali gani?" aliuliza.

Hakuna mkono ulionyooka. Hilo hawakuwa wamelipangia.

Makamu aliinuka. "Mwalimu," alisema taratibu, "asante. Tupumzike hapo."

Kamati alikuwa mlangoni kwa Makamu kabla hata hajaitwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika historia yake ndefu na ofisi ile.

"Mstari wa Babu ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Najua ulikuwa sahihi," Makamu alisema. "Nilifundishwa hesabu na huyo mzee kabla wewe hujazaliwa. Uliponyoosha mkono nilidhani ni sehemu ya mchezo wenu, nikasubiri acheke akwambie umeingia mtegoni."

"Basi niadhibu mimi. Nirudishe nyumbani. Yeye hana kosa."

"Mmekuwa mkimfichia kwa muda gani?"

Kamati, ambaye kwa maswali yote ya ofisi ile alikuwa na majibu mawili ya akiba, safari hii alitoa la kweli: "Wiki nyingi."

"Nilimwita yule binti mnayemwita Mnong'ono, nikamwuliza alijifunza wapi kujumlisha sehemu juu kwa juu, chini kwa chini," Makamu alisema. "Aliangalia dirishani mpaka nikamruhusu aende. Ndiyo maana nilikuja kuona kwa macho yangu." Alivua miwani akaishika. "Aliandika jawabu sahihi, akalifuta kwa sababu mtoto amemwambia alifute. Sasa mimi nitamwekaje tena mbele ya watoto? Niambie. Ukiwa na njia niambie, nitaifuata."

Kamati haikuwa na azimio.

"Nimeshampigia mama yako," alisema Makamu, na sauti yake ikawa ya mtu aliyewahi kukaa dawati la mbele, akiogopa kunyoosha mkono. "Nenda ukale."

Mama alikuja Jumamosi na gari la kuazima. Nyumba ya uzioni iliingia kwenye gari hilo kwa urahisi wa kuhuzunisha: masanduku mawili, redio, ile saa ya ukutani, sufuria. Kamati alibeba. Wagonjwa wote wa Wodi walikuja kuaga, wakamwamkia mzee shikamoo zao kwa zamu, wakasimama wakijikuna kama watu waliokosea msiba. Bondia alibeba godoro peke yake ili apate sababu ya kuficha uso. Walipoondoka, Babu aliketi kwenye ngazi ya mlango akiwa na picha ya bibi magotini.

"Basi, mwenzangu," alisema. "Mke naondoka naye. Unabaki kapera."

"Chukua tu. Nimechoka kumlisha."

Babu alicheka kidogo. Mama alikuwa ndani anafagia. Kamati aliketi ngazi ya chini yake. Alikuwa amekaa na maneno hayo tangu Jumanne na hayakuwa yamepungua uzito.

"Babu, Jumanne ulikuwa sahihi. X ndogo kuliko hasi nne. Ulikuwa sahihi kabla sijasema kitu."

Uso wa mzee ulinyanyuka. "Eti?"

"Kabisa. Makamu naye anajua. Kila mstari ulikuwa sahihi."

"Nilihisi!" Babu alipiga picha ya mkewe kwa kiganja, kama anayemwambia unasikia. "Nilihisi mkono unajua. Sikuwa hata nimetega bado. Nilitaka kutega kwenye swali la pili." Kisha ule utaratibu wake wa zamani, wa kurudi mstari kwa mstari hadi mahali mambo yalipoharibikia, ukamjia. "Sasa kwa nini ulisema kosa?"

Kamati alitazama viatu vyake.

"Nilidhani umepotea."

"Ukadhani nimepotea, ukasema kosa la leo." Babu alikuwa anakwenda polepole. "Ili nione kama nimetega." Akamgeukia. "Na siku nyingine?"

"Nazo pia, Babu."

"Wewe peke yako?"

"Wote, Babu."

"Hata yule binti wa sauti ndogo?"

"Hata yeye."

Ndani, ufagio uliendelea kuvuta vumbi. Babu aliigeuza picha, akatazama mgongo wake wa mbao, akaigeuza tena.

"Nilimpigia mama yako," alisema. "Nikamwambia, hawa watoto hakiwapiti kitu."

"Tulitaka ubaki."

"Najua mlitaka. Sijasema hamkutaka." Alimwekea mkono begani. Ulikuwa mwepesi kama shati kwenye kamba. "Lakini sasa unaniambia kwamba Jumanne nilikuwa sahihi. Nami nitajuaje kama hii nayo si makofi?"

Kamati akaruka chini, akafuta mchanga mbele ya ngazi kwa kiganja, akaandika kwa kidole: tatu, kutoa, mbili x, alama, kumi na moja. Aliandika mistari yote mitatu, mikubwa na safi.

"Usiniamini. Hakikisha mwenyewe. Chukua namba iliyo ndogo kuliko hasi nne. Chukua hasi tano. Mbili mara hasi tano?"

"Hasi kumi," Babu alisema.

"Ehe! Tatu kutoa hasi kumi?"

Babu aliinama juu ya mchanga. Ncha ya kidole chake ilitembea hewani juu ya mstari wa kwanza, ikarudi.

"Tatu kutoa hasi kumi," Kamati alirudia. "Kutoa hasi ni kujumlisha. Tatu na kumi ni kumi na tatu. Kumi na tatu ni kubwa kuliko kumi na moja. Umeona? Inakubali. Ulikuwa sahihi, Babu. Umeona?"

Mama alitoka na mkoba wa mwisho, akafunga mlango, akasema kwamba njia ni ndefu. Kamati bado alikuwa amepiga magoti, kidole mchangani, akisubiri.

Babu aliitazama ile hesabu kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na kutabasamu, na Kamati akaitambua tabasamu hiyo, kwa kuwa wote waliowahi kulazwa Wodini waliwahi kuitoa. Ni ya mwanafunzi ambaye hajaelewa, ambaye ameona jinsi mwalimu wake anavyohangaika, na hataki kumvunja moyo.